Shangazi wa Mabegi Anajibu: Picha Elfu Nne, Daftari Tupu

Haya jamani karibuni tena kibarazani. Toleo lililopita niligusia mstari mmoja tu, kwamba mwaka 2018 nilienda Guangzhou, China, kufuata mzigo wa mabegi, nikaulipia ukapanda kontena, halafu mi mwenyewe badala ya kurudi na ndege nikapanda treni kuelekea magharibi, Urumqi hukohuko China, Almaty ya Kazakhstan, halafu Uzbekistan, Tashkent mpaka Samarkand, ndo nikarukia nyumbani (viza nilizihangaikia miezi kabla, msije mkadhani nilikurupuka). Mstari mmoja! Simu haijapoa tangu siku hiyo, na wengi wenu mnauliza kitu kilekile, picha na kuandika. Basi leo tunamaliza hilo, wale wa mambo ya ndoa mtanisamehe, mwezi ujao.

Shikamoo shangazi. Mi ni kijana wa Isevya hapa Tabora, nimepata nafasi ya kusoma Xi'an, China, naondoka mwezi wa tisa. Likizo nataka niende nchi kavu mpaka Uzbekistan na ikiwezekana Uturuki, nipige picha na niandike, nije nitoe kitu cha maana sio kujaza status tu. Shida yangu nikipiga picha nasahau kuandika, nikiandika nakuta picha sina. Hivi vinaendaje pamoja?

Marahaba mwanangu, hongera sana, na mwangaluka kwa wazazi hapo Isevya. Shida yako ndo ilikuwa shida yangu. Mi nilirudi Ujiji na picha elfu nne na ushee, na daftari lenye kurasa kumi na moja zilizoandikwa, na kati ya hizo tatu ni hesabu za mabegi. Siku wanangu na majirani wamekaa kwenye mkeka wanataka simulizi ndo nikaona aibu yangu, maana picha za Registan ninazo 212. Registan ni ule uwanja wa Samarkand wenye madrasa tatu kubwa za vigae vya buluu, kongwe kuliko zote ya Ulugh Beg ilimalizika 1420, na tangu kamera zije duniani sidhani kama kuna mtu kapita pale akaacha kuipiga. Zangu ni zilezile za kwenye kalenda, tofauti ni kwamba zangu zimepinda.

Asa kuna picha moja nyingine, mbaya, ya giza, fokasi haijakaa. Ni mkate umetundikwa ukutani kwenye msumari na umeng'atwa. Ukiiona bila maelezo utasema huyu mama kapiga mkate ulioliwa na panya. Sikiliza sasa. Kule Samarkand mkate ni wa duara, wanaubandika kwenye ukuta wa tanuri kwa ndani, na kabla ya kuubandika wanaugonga katikati na kidude chenye vijisindano vya chuma kinaitwa chekich ili pale kati pasiumuke na pabaki na ua. Hawaukati kwa kisu, wanaumega kwa mkono, na ukiulaza kifudifudi watakutazama vibaya (nilitazamwa). Nyumba niliyolala siku mbili, jikoni kulikuwa na huo mkate ukutani. Ni desturi yao, mtu akisafiri mbali anaung'ata mara moja kabla hajatoka, unaobaki unatunzwa mpaka arudi aumalize. Wa pale ulikuwa wa kijana mkubwa wa nyumba, kaenda Urusi kwenye kazi za ujenzi. Nikamuuliza mama yake, binti yake mdogo anatafsiri na kiingereza cha shule, ana muda gani? Mama akanyoosha vidole vitatu, akachukua ncha ya kitambaa chake cha kichwa akaufuta vumbi mkate, akarudi kukata karoti.

Vidole vitatu havipo kwenye picha, Urusi haipo, na ile kufuta vumbi haipo. Hivyo nilikuwa navyo kwenye ukurasa mmoja katika zile kurasa nane zilizobaki, na ndo maana mpaka leo nikisimulia watu wananyamaza. Lakini subiri, mambo hayajaisha. Nimekuja kuiangalia ile picha vizuri mwaka mzima baadaye, nikaikuza kwenye simu ya mwanangu, nikaona kitu ambacho siku ile sikukiona kabisa: kwenye msumari uleule chini ya mkate kuna chaja ya simu inaning'inia. Yaani yule mama anachajia simu yake palepale kwenye mkate wa mwanae. Mi nilikuwa nimesimama pale, nimeongea naye, nimeandika, sikuona. Lenzi iliona.

Basi hapo ndo jibu lako lilipo mwanangu. Picha inakutunzia ulichopitiwa, daftari linakutunzia kile ambacho kamera haina pua wala sikio la kukipata. Ukivipa kazi moja vyote viwili, yaani picha ya mkate na chini yake umeandika "huu ni mkate wa Samarkand", umepoteza wino. Mi kipimo changu siku hizi ni rahisi tu, sentensi yoyote ambayo msomaji angeweza kuitoa mwenyewe kwa kuangalia picha naifuta. Naacha bei, harufu, alichosema mtu, kilichotokea dakika tano kabla na dakika tano baada.

Kwa utaratibu, mchana piga picha zako chache halafu weka kamera kwenye begi, andika maneno matano tu kwenye kidaftari cha mfukoni, hata yasipopanga sentensi: vidole vitatu, kitambaa, karoti. Jioni kabla ya kulala chagua picha kumi za siku hiyo na uandike kila moja mistari mitatu minne. Jioni ileile! Ukisema kesho, kesho uko kwenye behewa lingine na watu wengine na sauti zimeshachanganyikana.

Na saa. Jamani saa. China nchi nzima inatumia saa ya Beijing, masaa matano mbele yetu, lakini ukifika Urumqi kule magharibi jua linawachelewa kwahiyo kuna watu wanaishi kwa saa yao ya kienyeji iliyo nyuma masaa mawili, unaambiwa tukutane saa nne unauliza saa nne ya nani. Uzbekistan wao wako masaa mawili tu mbele yetu. Simu yangu inajibadilisha yenyewe, kamera imebaki Beijing, na daftarini mi mtoto wa Ujiji naandika saa moja na nusu nikimaanisha saa moja yetu ya Kiswahili. Saa tatu tofauti kwa safari moja! Nilipokuja kupanga picha na maandishi nikakuta nakula chakula cha jioni kabla ya kuamka. We kamera iache kwenye saa ya sehemu moja safari nzima usiiguse, na daftarini andika kama kamera inavyosoma, 19:30, halafu pembeni weka usiku au asubuhi. Inachosha siku mbili za kwanza, baadaye inakaa.

Mambo vipi shangazi, mi napiga boda hapa Mwanga, Kigoma. Nina simu ya kawaida tu. Nisubiri nipate hela ya kamera au nianze hivihivi?

Anza mdogo wangu. Simu yako inatosha kwa karibu kila kitu isipokuwa giza nene na vitu vya mbali. Kuna Mskoti mmoja John Thomson alizunguka China karibu na 1870, kila picha ni kioo, anakipaka dawa akiwa kwenye hema la giza, anakipiga kikiwa bado kibichi, anakisafisha hapohapo kabla hakijakauka, wapagazi wanabeba maboksi ya vioo mlima kwa mlima. Alitoa vitabu vinne vyenye picha 200 na maelezo yake mwenyewe kila moja. We unalalamikia simu. Futa lenzi na fulana kabla ya kupiga, nusu ya picha zenu za ukungu ni mafuta ya vidole. Na ya wale samaki wetu, migebuka.

Anti naomba kuuliza, mwaka jana memori kadi ilinifia nikapoteza harusi nzima ya mteja. Je safari ndefu ya miezi mitatu unatunzaje picha na maandishi? (Mpiga picha, Cheyo, Tabora)

Pole sana, na mwenye harusi nae pole. Wewe sio wa kwanza. Ibn Battuta yule Mmoroko aliyefika mpaka Kilwa yetu mwaka 1331, alipopita Bukhara, hukohuko Uzbekistan ya leo, alinakili maandishi ya makaburi ya wanazuoni, mengi tu, halafu baadaye maharamia wa Kihindi wakamvamia baharini wakachukua kila kitu na yale maandishi yakaenda. Ndo hasara ya kuwa na nakala moja mfukoni.

Kwahiyo kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, na kila jioni unahamishia kwenye hadi diski ndogo, na hadi diski hailali begi moja na kamera. Hapa watu wengi wanakosea, wanavitunza vizuri vyote viwili ndani ya begi moja, mwizi anachukua begi. Na kurasa za daftari zipige picha kila jioni, dakika mbili tu, maana daftari likilowa chai limekwenda. Mkiwa China msitegemee ile bekapu ya Google inayojiendesha yenyewe, Google kule imefungwa na wasap pia, mi nilidhani picha zangu zinapanda siku tisa mfululizo kumbe hakuna hata moja iliyopanda.

Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, sio lile la kupakia, na mashirika ya ndege kikomo chao cha kawaida ni wati-saa 100, ambayo kwa zile za kawaida ni kama mAh 27,000, ukivuka hapo unaomba ruhusa. Kama maandishi yake ya nguvu yamefutika watakunyang'anya, msibishane.

Halafu baridi, ambayo sisi wa huku hatuijui. Almaty mwezi wa kwanza inashuka chini ya sifuri digrii kumi na zaidi, betri iliyokuwa asilimia 60 inazima ghafla kama imekatwa. Haijafa, iweke kwapani, ikipata joto inaamka. Na ukitoka nje kwenye baridi kuingia behewani kwenye joto usifungue kamera hapohapo, itatoa jasho mpaka ndani ya lenzi. Iache kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa nusu saa, saa nzima. Mi nilifungua.

Wewe binti, nyie watu wa kamera hamna adabu. Mjukuu wangu kapigwa picha sokoni na mgeni, akaondoka bila hata salamu. Huko Asia na nyie ndo mlikuwa mnafanya hivyo? (Mzee, Kanyenye, Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Umenishika pabaya, maana mwanzoni nilifanya hivyo, siwezi kukudanganya. Soko la Siyob pale Samarkand nilikuwa napiga wauza mikate kama nawinda ndege, mpaka mama mmoja akainua kitambaa akajifunika uso, akabaki hivyo mpaka nilipoondoka. Ile picha ninayo na sijawahi kuionyesha kwa mtu.

Kuna ile picha maarufu ya msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, aliipiga Steve McCurry kwenye kambi ya wakimbizi Pakistan mwaka 1984, ikatoka kwenye jalada la jarida la National Geographic 1985. Dunia nzima iliujua uso ule, jina lake halikujulikana mpaka walipomtafuta na kumpata 2002, anaitwa Sharbat Gula. Karibu miaka kumi na minane uso bila jina. Mi nikifikiria hilo naona daftari ndo lingekuwa adabu yenyewe, maana huwezi kumuuliza mtu jina lake na kijiji chake bila kwanza kukaa chini na kusalimiana. Siku hizi naanza na daftari, kamera inakuja baadaye, na wakati mwingine haiji kabisa. Faida yangu nyingine ni kuwa mama mtu mzima, nakaribishwa jikoni, na jikoni ndo kuna habari.

Na mzee kuna mahali hata ruhusa hamna. Tashkent kule, treni yao ya chini ya ardhi tangu 1977 ina vituo vya kupendeza, taa kama za msikitini, lakini kupiga picha ilikuwa marufuku kabisa mpaka 2018, mwaka wangu mimi, bahati tu. Mipakani usithubutu. Kwenye mpaka mmoja, sitautaja, askari alichukua kamera akafuta picha moja baada ya nyingine taratibu kama anamenya karanga, mi nimesimama. Ila kuna kitu hakuweza kukifuta. Reli yetu ya zamani hapa ina upana wa milimita 1,000, hii SGR ni 1,435 sawasawa na ya China, na Kazakhstan ni 1,520, kwahiyo treni ikitoka China ikafika Dostyk, stesheni ya mpakani upande wa Kazakhstan, haiwezi kuendelea, wanaingiza mabehewa kwenye banda, wanayanyanyua na jeki kubwa, abiria wamo ndani na chai zao, wanachomoa magurudumu na kuingiza mengine. Usiku, nyundo zinagonga chini ya kitanda, mtoto wa jirani anauliza kitu kwa Kikazaki kila ikigonga, babu yake anamjibu neno lilelile. Niliandika hayo gizani kwa penseli. Picha hamna hata moja na sijutii.

Shangazi nisamehe, lakini Asia wazungu wameshaipiga na kuiandika miaka na miaka. Mswahili ataongeza nini? (Hakutaja jina, ni mjanja)

Mjanja wewe hujui historia. Mwaka 1896 Mkomoro mmoja Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaisimulia kwa Kiswahili safi, ikachapwa 1901 kwenye kitabu cha safari za Waswahili alichokusanya Carl Velten. Siberia! Kwa Kiswahili! Kabla reli ya kati haijafika Tabora, maana hiyo ilifika 1912. Picha ndo hakuwa nazo. We unazo, na unaona kwa macho ya mtu aliyekulia kwenye stesheni ya reli ya Mjerumani. Mzungu gani angepima upana wa reli na ya nyumbani kwao Tabora?

Shikamoo shangazi, mi ni mwalimu wa shule ya msingi Gungu. Asia siendi leo wala kesho, mshahara unaujua. Lakini nataka kujifunza hii kazi ya picha na maandishi. Nianzie wapi, na daftari la aina gani?

Marahaba mwalimu. Anzia stesheni hapo chini. Kuna mwandishi wa Kimarekani Paul Salopek alianza kutembea kwa miguu Ethiopia mwaka 2013, amekatiza nchi kibao za Asia, Uzbekistan, Pakistan, India, China. Kila maili 100, kama kilomita 160, anasimama popote pale pawe pazuri pawe jaani, anapiga picha ya ardhi aliyokanyaga, anapiga mbingu juu yake, halafu anamtafuta mtu wa kwanza wa karibu na kumuuliza maswali yaleyale matatu: wewe ni nani, unatoka wapi, unaenda wapi. Basi. Nilipenda kwa sababu haikuruhusu kuchagua, na ukichagua sana unaishia kupiga Registan mara 212.

Wewe Kigoma mpaka Tabora ni kama kilomita 400, kwa kipimo chake ungesimama mara mbili tu, kwahiyo fanya kila stesheni kubwa, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo. Ardhi, mbingu, mtu mmoja. Mama anayeuza samaki dirishani Nguruka hana muda wako, treni inaondoka, una dakika mbili tatu za kumuuliza unaenda wapi, na atakushangaa maana yeye haendi popote, wewe ndo unaenda. Andika na hilo la kushangaa. Ukirudi fanya safari hiyohiyo tena na swali lilelile, utaona daftari la pili lilivyo tofauti.

Daftari nunua kaunta buku ya kawaida yenye jalada gumu, kwaya mbili inatosha, pamoja na kidogo cha mfukoni. Penseli badala ya kalamu, wino ukilowa unakimbia. Ukurasa wa kwanza namba yako ya simu kwa herufi kubwa na "ukiokota nitakupa zawadi", mi langu lilirudishwa hivyo Almaty na mlinzi wa stesheni, akakataa zawadi akataka begi. Ukurasa wa kulia andika, wa kushoto acha wazi ubandike picha ukishazisafisha, au tiketi, au ganda la karanga, chochote.

Na ukishuka Uvinza usinisahau chumvi.